Kabla Uhepe Darasa la Data, Nisikize

Wewe unayesomea Sigalagala na kuona somo la hifadhidata ni la kukremu upite mtihani tu, ngoja kidogo. M-Shwari ilipoanza 2012 haikuitisha hati ya shamba wala mdhamini. Iliangalia unavyotumia simu na M-Pesa, ikaamua ukopeshwe pesa ngapi. Huko ndiko kuchimba data, buda, na anayechimbwa ni wewe.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili nikidhani YouTube itanitosha. Kuandika programu nilijua, sikatai. Lakini kupanga majedwali ili deni la mtu mmoja lisiingie mara mbili? Hapo bado nakwama, na kazi za maana zinanipita.

Mwalimu akiboa, vumilia. Ukimaliza, ziulize hizo kampuni zimeweka nini kukuhusu. Sheria ya 2019 ya kulinda data inakuruhusu.