Filme ya dakika tano ifike mpaka Misisi
Kule Goma, Yole!Africa imefundisha vijana kutengeneza filme. Mashindano ya filme fupi za sayansi kwa wanafunzi yangefaa hata huku Fizi na Baraka. Lakini tunauliza: nani ataziona?

Pahali dhahabu inachomwa na merkire, moshi wake hauna harufu. Unaingia mapafuni mwa baba, mama na mtoto wa mgongoni. Kule Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga merkire baharini. Waliokula samaki wakaugua. Ugonjwa ulijulikana mwaka 1956. Sisi pia tunakula samaki, wa Tanganyika.

Basi zawadi isitolewe tu kwenye salle ya mjini. Filme ionyeshwe kwanza Misisi, kwa Kiswahili chetu, wachimbaji na wake zao wakiwa waamuzi. Isipoeleweka pale, haijashinda.