Gitaa la Usiku Halikupendeza Mchana

Juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lililotokea katika jamaa yangu mwenyewe. Ni habari ya gitaa la umeme. Najua wazee wengine watasema, "Gitaa latuhusu nini sisi wakulima?" Lakini tangu umeme kuingia vijijini, na wengine kuupata kwa nguvu ya jua, vijana wetu wanarekodi nyimbo nyumbani kwa kompyuta ndogo na kwa simu. Fedha za wazazi zaingia humo, na heshima ya mtoto pia. Basi yafaa kila mzazi aijue habari hii, asije akamhukumu mtoto wake bure kama nilivyofanya mimi.

Dada yangu mkubwa ana kijana wa miaka 19, naye anapiga gitaa katika kwaya yetu. Wanakwaya walichanga fedha, kila mmoja kadiri alivyoweza, wakampa kazi ya kurekodi gitaa la nyimbo 4, ndipo waimbaji watie sauti zao juu yake. Kijana aliifanya kazi hiyo usiku, kwa maana mchana yumo shambani, tena usiku hapana kelele za kuku na watoto. Lakini nyumba yao ina vyumba viwili tu, na nyuma ya ukuta analala bibi yake, naye ni mgonjwa. Kwa hiyo kijana alipunguza sauti ya spika zake hata zikawa kama mtu anayenong'ona. Jambo hilo lilikuwa jema, wala hakuna wa kumlaumu.

Basi kila gitaa lilipomwonekea jembamba, aliongeza besi kidogo. Lilipomwonekea limefifia, aliongeza ukali kidogo. Usiku wa tatu akaridhika, akaenda kulala na furaha yake.

Jumapili nyimbo zile zilipigwa uwanjani kwa spika kubwa za parokia. Lo! Gitaa lilinguruma kama lori linalopanda mlima. Maneno ya waimbaji hayakusikika. Juu ya ngurumo ile palikuwa na ukali unaochoma, hata watoto wakaziba masikio. Watu walicheka. Mwenyekiti wa kwaya alisema kijana ameharibu fedha za watu kwa kupenda mitindo ya dansi. Kikao kilifanyika siku ile ile, na mimi karani ndiye niliyeandika: "Gitaa lisitumike tena mpaka hapo tutakapoamua." Niliandika kwa mwandiko mzuri, wala sikumwuliza kijana neno hata moja.

Jumanne dada alinijia ofisini. Hakukaa kitini. Alisema, "Mdogo wangu, mtoto amelitia gitaa katika gunia, ataka kuliuza. Chakula hali. Wewe umesomea ualimu. Njoo umsikilize kabla hujaandika tena."

Nilikwenda jioni ile. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba. Lete kompyuta yako, nisikie ulivyosikia wewe usiku ule." Akazifungulia spika zake kwa sauti ndogo. Wasomaji wapenzi, gitaa lilikuwa zuri! Lilikuwa nene kwa kiasi, tena tamu. Sikuona kosa. Ndipo nikamwambia, "Sasa pandisha sauti, iwe kubwa kama ya Jumapili." Akapandisha, wala hakugusa kitu kingine. Palepale ngurumo ikaja, na ule ukali ukaja. Tukatazamana. "Mjomba," akasema, "mimi sikubadili kitu. Ni nini basi?"

Nilikumbuka mafunzo ya sayansi ya chuo cha ualimu, nikatafuta zaidi, nikapata jibu. Kosa halikuwa katika gitaa, wala katika spika, wala katika moyo wa kijana. Lilikuwa katika masikio, tena si yake tu, bali ya kila mwanadamu.

Mwaka 1933 wataalamu wawili wa maabara ya Bell huko Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walitangaza matokeo ya kazi yao. Waliwasikilizisha watu sauti nene na sauti nyembamba, wakawauliza: ipi ni kubwa kupita nyingine, na lini zinalingana? Wakaona kwamba sikio halipokei sauti zote sawasawa. Sauti ikiwa ndogo, sikio huwa zito kwa besi. Sauti ikikua, uzito ule hupungua. Wataalamu wengine walipima tena, wakiwamo Robinson na Dadson wa Uingereza mwaka 1956, na kipimo cha kimataifa cha mambo haya kilisahihishwa mwaka 2003 na tena mwaka 2023. Hesabu zilinyooshwa, lakini neno lenyewe halikubadilika.

Nitatoa mfano wa hesabu. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na wembamba au unene wake kwa hezi, yaani mitetemo katika sekunde moja. Waya mnene kabisa wa gitaa hutetemeka kama mara 82 kwa sekunde, unaofuata mara 110, na ule mwembamba kabisa kama mara 330. Sasa chukua sauti ya kati ya hezi 1,000 iliyo ndogo, ya desibeli 40. Ili sauti nene ya hezi 100 isikike sawa nayo, yahitaji kama desibeli 64. Pengo ni 24. Pandisha sauti ya kati mpaka desibeli 80, na ile nene sasa yahitaji kama 92 tu. Pengo limekuwa 12.

Mmeona? Usiku sikio la kijana lilikuwa na njaa ya besi, naye akalishibisha. Mchana, kwa spika kubwa, njaa ile haikuwapo, lakini chakula kilikuwa kimekwisha kupikwa na kufungwa ndani ya nyimbo. Ni kama mwenye mafua anayeonja mchuzi. Hasikii chumvi, basi aongeza, aongeza tena, mpaka yeye aone umekolea. Wenzake wakikaa kula, hakuna awezaye kumeza. Mpishi hakuwa na nia mbaya, ila ulimi wake haukumwambia kweli.

Na ule ukali je? Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimeta 2 na nusu, na kwa sababu ya urefu huo linakuza sauti za karibu hezi 3,000 mpaka 4,000. Hapo ndipo sikio huwa kali kuliko popote. Spika ya gitaa nayo hupitisha sauti mpaka kama hezi 5,000, kisha hushuka upesi. Kwa hiyo makali ya gitaa yamekaa mahali pale pale ambapo sikio ni jepesi kuumia. Sauti ikiwa ndogo, ukiongeza ukali huo waona gitaa limechangamka. Sauti ikiwa kubwa, ukali huo huo wachoma.

Basi nilimwambia kijana, kwa haraka yangu, "Dawa ni kurekebisha kwa sauti kubwa." Hapo nilikosa mara ya pili. Ili asimwamshe bibi yake, alivaa spika za masikioni, akapandisha sauti mpaka mwisho, akafanya kazi usiku mbili mfululizo. Besi ilimjaa kichwani, naye akaipunguza sana. Masikio yalipochoka, yakawa mazito, akakosea na mengine. Tulipozisikiliza nyimbo kwa sauti ya kawaida kwa redio ya nyumbani, gitaa lilikuwa kama bati linalogongwa. Lakini hilo si kitu. Asubuhi mama yake alimwita mara tatu, asiitike. Masikio yalikuwa yanalia, ngiii, kutwa nzima. Nilishikwa na hofu.

Wazazi, lisomeni jambo hili vizuri. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba sauti ya desibeli 80 yaweza kusikilizwa saa 40 kwa juma bila hatari kubwa. Ikiwa desibeli 90, ni saa 4 tu kwa juma. Ikiwa 100, ni dakika 20. Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti, navyo vikifa havioti tena kwa mwanadamu. Masikio yakilia baada ya muziki, hilo ni onyo. Kwa neema, ya kijana yalinyamaza siku ya pili, lakini si kila mtu atapata nafasi ya kuonywa mara mbili.

Baada ya makosa yale mawili tulikaa pamoja, mjomba na mpwa, tukafuata njia ya katikati. Nawaandikia taratibu yetu, mpate kuwapa vijana wenu.

Kwanza, chagua ukubwa mmoja wa sauti ambao mtu aweza kuzungumza na mwenzake chumbani akiinua sauti yake kidogo tu. Tia alama kwa kalamu kwenye kifungo cha spika, na kazi yote ya kurekebisha gitaa ifanyike kwenye alama hiyo. Kijana alikubali kuifanya alasiri, saa kumi mpaka saa kumi na moja, bibi akiwa uani. Kupiga na kurekodi kwaweza kufanyika usiku kwa sauti ndogo, lakini kuamua besi na ukali kungoje alasiri.

Pili, kabla ya kumaliza, shusha sauti mpaka chini kabisa, sikiliza. Kisha ipandishe kwa nusu dakika tu, sikiliza. Gitaa lisipopotea kule chini, wala lisipochoma kule juu, liache.

Tatu, ukilinganisha namna mbili za gitaa, zilinganishe kwanza kwa ukubwa. Namna iliyo kubwa zaidi, hata kwa desibeli 1 au 2, sikio huipenda na kuiita nzuri, kumbe ni kubwa tu.

Nne, usilirekebishe gitaa likiwa peke yake. Weka pamoja ngoma, gitaa la besi na waimbaji. Gitaa lililo nene na tamu likiwa peke yake mara nyingi linawafunika wengine likiwa kundini.

Tano, pumzisha masikio dakika 10 kila saa, na usikilize kidogo wimbo wa watu wengine uujuao vizuri, kwa alama ile ile, upate kipimo cha kweli.

Neno moja zaidi kwa wenye amplifaya za valvu. Kijana wetu anaingiza gitaa moja kwa moja katika kompyuta, na programu inaiga amplifaya, kwa hiyo kifungo cha spika hakibadili kilichorekodiwa, chabadili hukumu ya sikio tu. Lakini ukiweka maikrofoni mbele ya amplifaya ya valvu, sauti yake yenyewe hubadilika inapopandishwa: valvu zinaelemewa na spika inasukumwa, na mkwaruzo unazaliwa humo. Hapo kuna mambo mawili ya kutazama, wala si moja. Kwa nyumba ndogo, amplifaya yenye wati chache ndiyo inayofaa, kwa kuwa huufikia mkwaruzo ule mapema zaidi, kabla ya kuamsha kijiji kizima.

Wengine husema kurekodi nyumbani ni mchezo wa watoto. Si kweli. Les Paul wa Marekani, aliyeishi tangu mwaka 1915 mpaka 2009, alirekodi katika gereji ya nyumba yake huko Hollywood, na wimbo wake "Lover" wa mwaka 1948, wenye magitaa mengi yaliyopangwa moja juu ya jingine, yote ameyapiga yeye mwenyewe. Nyumba si kosa. Kosa ni kuhukumu kwa sikio lisilo na kipimo.

Mara ya tatu nyimbo zilipigwa uwanjani tena. Sitasema zilikuwa kamili, maana wimbo mmoja bado una besi kidogo kupita kiasi. Lakini waimbaji walisikika neno kwa neno, na gitaa lilikuwa chini yao kama mkeka chini ya wageni. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Leo nasikia maneno." Kisha akamwendea kijana, akampa mkono mbele ya watu.

Katika kikao kilichofuata nilifungua daftari. Yale niliyoyaandika kwanza sikuyafuta, kwa sababu daftari la kikao halifutwi. Niliandika chini yake: "Gitaa laendelea. Karani anakiri kwamba aliandika kabla ya kusikiliza." Mwenyekiti alitaka nilitoe sentensi la mwisho. Nilikataa. Kijana alikuwa ameketi nyuma, akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Basi, wazazi, mtoto wako akikuletea kazi iliyoharibika, keti naye, umwombe akuonyeshe alivyoiona yeye alipokuwa anaifanya. Huenda alifanya vema kadiri ya alivyosikia, na kilichokosekana ni kipimo tu. Na ukipita nje ya dirisha lake ukasikia gitaa linapiga kelele mno, usimtukane. Mwulize tu, "Mwanangu, alama yako iko wapi?"

Mpaka juma lijalo, kwaherini.