Televisheni ya Marekani na Mawe ya Kitale

Mwezi wa Machi 2025 Sauti ya Amerika, idhaa iliyoanza kusema nasi kwa Kiswahili mwaka 1962, ilinyamazishwa kwa amri iliyotoka Washington. Julai mwaka huo huo Kongresi ya Marekani ikafuta dola bilioni 1.1 zilizokwisha idhinishwa kwa ajili ya redio na televisheni za umma za nchi ile, zile zisizoishi kwa matangazo ya biashara. Nimewasikia wenzetu wengi wa Pwani wakisema, "Alhamdulillahi, na wanyamaze." Mimi sioni la kushukuriwa hapo, na sababu zangu nilizipata mbali na bahari, huko Kitale na Bungoma.

Kwanza tujue chombo chenyewe kilivyoundwa. Marekani ilianza kutoa leseni za televisheni ya biashara Julai 1941, na tangu siku hiyo mlipaji amekuwa ni mwenye bidhaa. Mwingereza alilipia televisheni yake kwa ada ya kila mwenye nyumba. Mmarekani alilipiwa na mwuza sabuni, naye mwuza sabuni, kama ijulikanavyo, hataki mtazamaji ainuke kitini. Kisha mwaka 1951 ukaja mchezo wa kuchekesha uitwao I Love Lucy, ambao wenyewe waliupiga katika filamu badala ya kuurusha moja kwa moja. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo lililotufikia sisi. Mchezo unaorushwa moja kwa moja hufa usiku ule ule. Uliomo ndani ya filamu huuzwa leo, kesho na mtondogoo. Gharama zake zikisharudi nyumbani, huweza kuuzwa ng'ambo kwa bei ambayo mtengenezaji wa Nairobi hawezi kushindana nayo hata akeshe.

Kwa hiyo televisheni ilipoanza Kenya mwaka 1962, mitambo ikiwa Limuru, hesabu ilikuwa imekwisha pigwa. Utafiti uliotolewa na UNESCO mwaka 1974 ulikisia kwamba Marekani ilikuwa ikisafirisha baina ya saa laki moja na laki mbili za vipindi kila mwaka. Mwalimu Nyerere aliiona televisheni kuwa ni anasa, na Tanzania Bara haikuipata hadi 1994, hali ndugu zetu wa Unguja walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya sabini.

Wamarekani wenyewe walilalamika kabla yetu. Mei 1961 Newton Minow, aliyewekwa na Rais Kennedy kusimamia tume ya mawasiliano, alisimama mbele ya wenye vituo akawaambia waziwazi kuwa wanachokitoa ni nyika kavu isiyo na manufaa. Lakini nyika ile ile ilitoa maji. Januari 1977, usiku nane mfululizo, shirika la ABC lilionyesha Roots, hadithi ya Kunta Kinte wa Gambia aliyenaswa akauzwa Marekani. Usiku wa mwisho watazamaji walikaribia milioni mia. Na huyo Kunta Kinte, msomaji, alikuwa Mwislamu. Kijana Mwafrika, mtoto wa watu wa kusali na kufunga, aliingia sebuleni mwa Mmarekani mweupe akaketi usiku nane, wala hakuingia kama jambazi. Sijui hotuba ngapi zingehitajika kuifanya kazi hiyo.

Kitale wanamjua. Niliwauliza vijana karibu na kituo cha matatu, wakaniigizia mjeledi na yule kijana anayelazimishwa kulitamka jina alilopewa na bwana wake. Walijua hata jina lenyewe, Toby.

Si mbali na hapo, katika uwanja wa Kitale Club, kuna duara la mawe. Wenyeji husimulia kuwa hapo ndipo watumwa walipofungiwa, misafara ipitayo kando ya Mlima Elgon ikisubiri kuteremka pwani. Niliwauliza vijana wale wale: waliofungiwa mle walikuwa nani, wa ukoo gani, waliishia wapi? Mmoja alisema pengine ni hadithi tu za wazee. Wengine walicheka wakageukia simu zao.

Nami niliyeuliza ni mtu wa Pwani. Misafara ile iliongozwa na watu wenye majina kama yangu, waliong'oa hema zao asubuhi kwa Bismillahi. Chuoni tulifunzwa kuwa kumwacha mtumwa huru ni katika amali zilizo kubwa. Hatukufunzwa ni nani aliyemtia kamba. Tumeandika tenzi za vita, za mapenzi, za maonyo kwa mabinti, na huyu aliyepita kwenye vichochoro vyetu na kongwa shingoni tumempa beti chache mno. Ndiyo maana kijana wa Kitale anaujua utumwa wa Virginia, nao wa kwao, ulio karibu na kituo cha matatu, haujui. Marekani haikumwibia habari hiyo. Ilieleza aibu yake yenyewe, ikaipiga picha vizuri, ikaiuza rahisi. Yetu tumeikalia.

Haya ya kusimuliwa na wengine yana hasara zake, na tumeziona. Julai 2015, siku chache kabla ya Rais Obama kuzuru Kenya, CNN iliiita nchi hii kitovu cha ugaidi. Wananchi waliwaka, na Agosti mkubwa mmoja wa shirika hilo akafunga safari hadi Nairobi kuomba radhi. Tulifurahi. Lakini tarehe 25 Juni 2025, vijana walipoandamana mijini, ni mamlaka ya hapa hapa iliyoamuru vituo visionyeshe maandamano moja kwa moja, na NTV na KTN zikazimiwa mitambo hadi Mahakama Kuu iliposimamisha amri ile. Siku hiyo hapakuwa na Mmarekani wa kulaumiwa.

Kutoka Kitale nilipita Kiminini na Kamukuywa hadi Bungoma, na huko nikaingia kibanda cha video, jambo ambalo mtu wa umri wangu hulifanya akitazama nyuma. Mabati, mabenchi, vijana wamebanana, na filamu ya polisi wa New York. Ajabu haikuwa filamu. Kando alikaa kijana mwenye kipaza sauti, akiisimulia yote kwa Kiswahili kilichotiwa Kibukusu. Ufundi huu umeenea: Kenya jina la DJ Afro lajulikana hata na watoto, na ng'ambo ya Malaba Waganda wana wasimulizi wao. Lakini huyu wa Bungoma ana yake. Polisi alimwita Wekesa, mkubwa wake akamfanya chifu wa Kimilili, na jambazi akawa dalali wa mahindi asiyelipa wakulima. Kibanda kizima kilimzomea dalali. Palipofika pa kubusiana, msimulizi alipandisha sauti akatangaza bei ya mbolea mpaka wale wawili wakaachana. Nilicheka hadi machozi. Nikakumbuka Vitimbi, jinsi Mzee Ojwang na Mama Kayai walivyokuwa wakianza kusema kwa Kiswahili chao cha bara, na nyumba nzima ya jirani yetu, iliyokuwa na televisheni ya pekee mtaani, ikanyamaza.

Baada ya filamu nilimkalia msimulizi yule, nikamhadithia duara la mawe. Ijapokuwa Kitale si mbali, hakuwahi kulisikia. Aliniuliza maswali mengi kuliko niliyoweza kujibu: walilishwa nini, walikuwa wakisema lugha gani, je, walikuwemo Wabukusu? Nikamwuliza kama angeisimulia filamu ya namna hiyo.

"Ustadhi," akasema, "hiyo ningeisimulia bila kupumzika. Imepigwa na nani, nikaitafute?"