Nilipobebwa na Mke Wangu

Kijana mmoja aliyefunga ndoa mwaka huu alikuja ofisini kwangu kuchukua cheti, akaniuliza: "Karani, je, ni busara mtu wa kipato kidogo kununua baiskeli ya pili kwa ajili ya mke? Si afadhali niweke akiba ya pikipiki?" Nilimwambia asubiri gazeti. Basi leo namjibu, na jibu lenyewe si la kunisifu.

Sisi nyumbani kwetu Dongobesh tuna baiskeli mbili. Mwanzo ilikuwa moja tu, yangu, ile nyeusi ya magurudumu ya inchi 28. Nilipomaliza chuo cha ualimu sikupata nafasi ya kufundisha, nikashika ukarani wa parokia, na baiskeli hiyo ndiyo iliyonipeleka vigangoni na matangazo na daftari za ubatizo. Mke wangu alikwenda mashineni na mnadani kwa miguu. Tukisafiri pamoja alikaa kwenye keria, mtoto mgongoni, na mlima ukifika alishuka. Nanyi mwaijua Mbulu: mlima hufika mara nyingi. Kwa kweli tulipokuwa tukisema "twaenda kwa baiskeli", mimi nilikwenda kwa baiskeli, yeye alitembea.

Mwaka 2022 aliuza vitunguu saumu vya bustani yake, akarudi na baiskeli ya kike ya mtumba, ile ambayo chuma chake kimeshushwa ili gauni lipite. Hakuniomba shauri. Nilikasirika, wala si kwa sababu ya fedha, maana fedha zilikuwa zake. Nilihofu maneno ya watu. Nikamwuliza, "Sasa wewe wataka kuwa nani?" Akajibu, "Baba, nataka kuwa mtu anayefika mashineni kabla ya foleni."

Naungama mbele yenu kwamba kwa miezi kadhaa sikukubali kuonekana naye barabarani. Akitoka mapema, mimi nilikawia nikijifanya natafuta pampu.

Maneno hayo ya watu si ya kwetu peke yetu. Huko Uingereza, J. K. Starley alipotoa mwaka 1885 baiskeli yake ya magurudumu mawili yanayokaribia kulingana, na Dunlop akasajili mwaka 1888 tairi lake la upepo, wanawake nao walianza kupanda, na wengi wakawalaumu kwamba wamepoteza haya. Lakini palikuwa na mke na mume Wamarekani, Fanny Bullock Workman na bwana wake William, waliozunguka Hispania kwa baiskeli mwaka 1895, kila mtu na yake, kisha wakaenda hata India. Ni kweli walikuwa matajiri, hawakuziba pancha usiku kwa mwanga wa simu. Hata hivyo sijasoma mahali kwamba bwana huyo alijificha nyuma akitafuta pampu.

Sasa nije kwenye safari yetu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikapita Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Shangazi wa mke wangu alipona, nyumba yake haikupona. Tulimtumia kidogo tulichokuwa nacho, lakini mke wangu hakutulia mpaka amwone kwa macho. Nauli ya watu wawili pamoja na mzigo ilitushinda. Basi Agosti 2024, wakati wa kiangazi, tuliwaacha watoto kwa bibi yao, tukafunga maharage na mablanketi kwenye keria, tukaondoka alfajiri kupitia Bashnet na Dareda. Baridi ya juu huko ilituuma masikio.

Kabla hatujafika mbali nilijifunza jambo. Kwenye kila kilima mimi nilishuka kusukuma, yeye akapita amekaa, taratibu, akihema, lakini amekaa. Nilidhani ni ujana. Kumbe alikuwa amemwambia fundi amfungie friwili ya meno 22, na yangu ni ya meno 18. Mwalimu aliyekosa darasa hakosi hesabu: mbele sote tuna meno 44, na tairi la inchi 28 likizunguka mara moja husogea mita 2 na zaidi kidogo. Kwa hiyo pedeli yangu ikizunguka mara moja, baiskeli huenda karibu mita 5 na nusu, na yake karibu mita 4 na nusu. Tambarare mimi namshinda. Mlimani miguu yangu huinua mzigo mkubwa mno kwa kila mzunguko, hukwama. Miaka yote hiyo nilikuwa nikilaumu milima.

Jambo la pili lilinigharimu damu. Toka Bashnet kwenda Dareda barabara hushuka ukingo wa Bonde la Ufa. Juma lililotangulia mke wangu alikuwa ameniambia, "Baba, raba zako za breki zimekwisha, chuma chasugua ringi." Nikasema zitafika. Kileleni alishuka, akasema tukokote. Mimi, niliyekuwa nimeshindwa mlimani asubuhi nzima, niliona hapa ndipo pangu. Nikapanda.

Kona ya kwanza nilipita vizuri. Baada ya hapo breki ilitoa kelele tu, haikushika. Nikaweka kiatu juu ya tairi, kiatu kikafuka moshi. Nikaona kona inakuja na upande wa pili hapana kitu ila hewa, nikageuza usukani kwenye ukuta wa udongo. Nilipopata fahamu zangu ringi ya mbele ilikuwa imepinda kama chapati, na goti limefunguka.

Mke wangu alifika akikokota yake. Hakusema neno juu ya raba. Alifunga goti kwa kitenge, tukateremka polepole, nikichechemea, mpaka miteremko ikaisha. Baiskeli yangu na mzigo tuliviacha kwa mama mmoja aliyetupa maji. Kisha akaniambia, "Kaa."

Basi nilikaa kwenye keria, upande, kama alivyokaa yeye miaka ile. Kubebwa kwenye baiskeli si jambo geni Afrika Mashariki. Hata neno bodaboda lilitoka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako tangu miaka ya 1960 watu wa baiskeli waliwabeba abiria kwa keria. Lakini mume kubebwa na mkewe mchana, njia ya kwenda hospitali ya Dareda, watu wametoka barazani! Watoto walitukimbilia wakicheka. Mzee mmoja alisimama akanitazama, akavua kofia, akamsalimu mke wangu kwanza. Keria ile ni ngumu sana. Nalijua hilo siku hiyo.

Nilishonwa, tukalala hapo. Kesho yake mke wangu aliufuata mzigo, na fundi akainyoosha ringi kadiri ilivyokubali. Ilituchukua siku mbili kufika Katesh, yeye mbele, mimi nyuma. Shangazi alipotuona alishika usukani wa baiskeli ya mke wangu kabla hajamshika mkono, akauliza, "Umekuja na hii toka Dongobesh?" Wakalia pamoja, nami nikaenda kuyatazama mawe yaliyolala palipokuwa jiko lake.

Katesh nilinunua raba za breki jozi mbili.

Na wewe kijana uliyeniuliza: pale kwa fundi wa karibu na stendi ipo baiskeli ya kike ya mtumba, rangi ya kijani. Mpeleke mkeo aipande mwenyewe kabla hujalipa. Hesabuni meno ya friwili.