Tunanunua Majina, Hatununui Kompyuta

Leo siandiki siasa. Naandika kuhusu kompyuta za magemu, na wale wanaodhani hilo ni suala la watoto nawaomba wavumilie kidogo, maana hapa tunazungumzia mamilioni ya shilingi yanayotoka mifukoni mwa vijana na kuishia kwenye masanduku ya bati yenye taa za rangi.

Nasema hivi: hatununui kompyuta, tunanunua majina. Kijana anaingia dukani Kariakoo au Posta, swali lake ni moja tu: "Kaka, hii ni i7?" Akijibiwa ndiyo, moyo unatulia. Akiona feni zinawaka nyekundu, bluu na kijani, biashara imeisha. Haulizi ni i7 ya mwaka gani. Haulizi kadi ya picha inakula wati ngapi. Na pawasaplai, kile kiboksi kinachogawa umeme kwa kila kifaa humo ndani, haitaji kabisa. Muuzaji naye hamwambii, kwa sababu faida yake imejificha humo humo.

Tuanze na hiyo i7 inayotutoa udenda. Intel walianza kuuza Core i7 mwaka 2008. Kwa hiyo jina hilo limebandikwa kwenye prosesa za kila aina kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Chukua i7-2600 iliyotoka Januari 2011. Ina kori 4, yaani vichwa vinne vya kufanyia kazi, na inatumia RAM ya DDR3. Sasa chukua i3-12100 iliyotoka Januari 2022. Nayo ina kori 4. Ukizipambanisha, huyo "mdogo" i3 anamwacha mbali i7 wa 2011, na anakula umeme kidogo. Lakini nenda kamwambie mtu mtaani kwamba i3 inaishinda i7, utachekwa mpaka uondoke.

Kicheko hicho ndicho mtaji wa wajanja. Wanachukua kompyuta iliyostaafishwa kwenye ofisi za Ulaya, wanaihamishia kwenye kasha jipya la kioo, wanaongeza feni tatu za taa na kubandika stika: GAMING PC CORE i7. Mashine ile haimo hata kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Umenunua maiti iliyovalishwa suti.

Mtasema huo ni uhuni wa wauzaji wetu tu, wazungu hawafanyi hivyo. Thubutu! Intel, AMD na Nvidia, wote watatu makao yao makuu yako mji mmoja, Santa Clara, California, na mchezo wa majina umeanzia huko huko.

Septemba 2022 Nvidia walitangaza kadi mbili zenye jina moja, RTX 4080. Moja ya GB 16, nyingine ya GB 12. Ukisikia hivyo unadhani tofauti ni memori tu. Kumbe hata chipu ilikuwa nyingine: ile ya GB 16 ilikuwa na kori 9,728 na ile ya GB 12 kori 7,680. Watu walipiga kelele dunia nzima, na Oktoba mwaka huo huo kampuni ikaifuta kadi ile ya GB 12 kabla haijafika madukani. Januari 2023 ikarudi na jina jipya, RTX 4070 Ti, bei ikiwa imeshuka kutoka dola 899 hadi dola 799. Kadi ile ile! Kilichobadilika ni jina na bei. Hapo mtu bado anasema jina halina kazi ya kututoa fedha?

Kabla ya hapo kulikuwa na GTX 970 ya mwaka 2014. Iliuzwa kama kadi ya GB 4, ikagundulika kwamba nusu GB ya mwisho inakwenda taratibu kuliko nyingine. Wanunuzi wa Marekani wakaenda mahakamani, na mwaka 2016 kampuni ikakubali kuwalipa dola 30 kwa kila kadi. Mpaka leo laptop yenye stika ya RTX 4090 ina chipu ya kori 9,728 na memori ya GB 16, wakati RTX 4090 ya mezani ina kori 16,384 na GB 24. Jina moja, wanyama wawili. Mwenzangu unayekusanya hela ya laptop ya magemu, hilo uliambiwa dukani?

Sasa wapo wenye nazo ambao jibu lao ni rahisi: "Mimi nanunua cha bei kubwa kuliko vyote, hapo siwezi kukosea." Ndugu zangu, rahisi ni ghali, lakini ghali nayo si bima. Core i9-14900K ilitoka Oktoba 2023 kwa dola 589, ikiwa na kori 24. Ryzen 7 7800X3D ilikuwa imetoka Aprili mwaka huo kwa dola 449, ina kori 8 tu. Kwenye vipimo vingi vya magemu hiyo ya kori 8 ilikuwa mbele au bega kwa bega, tena kwa umeme mdogo zaidi. Siri yake ni MB 96 za akiba ya memori zilizokaa ndani ya prosesa yenyewe. Gemu inataka data iwe karibu. Haihitaji kori 24 zilizokaa bila kazi.

Na yaliyoipata i9 mnayajua. Mwaka 2024 wenye prosesa za kizazi cha 13 na cha 14 za Intel walilalamika kwamba magemu yanajizima ovyo. Agosti 2024 Intel wakatoa programu ya kurekebisha volti zilizokuwa zikipanda kupita kiasi, na wakaongeza dhamana ya prosesa hizo kwa miaka miwili. Iliyokwisha kuharibika haikupona kwa programu hiyo, ilibidi ibadilishwe. Sasa jiulize: wewe uliyenunua i9 "ya box" bila risiti kwa mtu aliyeileta kwenye begi kutoka Dubai, dhamana hiyo unaidai kwa nani?

Sasa nifike kwenye kinachonikera kuliko vyote, pawasaplai. Kifaa hiki hakina jina linalovutia, hakina taa, na hakiongezi hata picha moja kwenye gemu. Ndiyo maana kinakuwa cha mwisho kwenye bajeti, kikinunuliwa kwa chenji iliyobaki. Na ndicho kikifa vibaya kinaweza kufa na kila kitu kilichounganishwa nacho.

Wengi wanasoma namba moja tu iliyoandikwa kubwa: 500W. Igeuze. Pembeni kuna jedwali dogo. Tafuta mstari wa volti 12, maana prosesa na kadi ya picha vinalishwa kutoka hapo. Ukikuta ampea 18, zidisha: 12 mara 18 ni wati 216. Hiyo ndiyo "500W" yako. RTX 4070 peke yake imepangiwa wati 200, prosesa bado, feni bado, diski bado. Pawasaplai ya kweli ya wati 750 utakuta imeandikwa ampea kama 62 kwenye mstari huo, yaani wati 744. Hii ni hesabu ya shule ya msingi! Mtu anayetoa milioni nne bila kuifanya anamtajirisha mwenzake kwa hiari.

Na hata jina kubwa halikulindi hapa. Mwaka 2021, wakati kadi za picha ziliadimika duniani, pawasaplai za Gigabyte aina ya P750GM na P850GM ziliuzwa Marekani kwa kufungashwa pamoja na kadi, utake usitake. Waandishi wa Gamers Nexus wakazipima, kadhaa zikalipuka kwenye majaribio. Agosti mwaka huo kampuni ikashusha kiwango cha ulinzi wa kujizima na kukubali kuwabadilishia wateja. Angalieni kilichowabana: waandishi waliofungua boksi na kupima. Sisi wanahabari wa huku tunapokea taarifa ya kampuni, tunabadilisha kichwa cha habari, tunaiita "makala ya teknolojia". Aibu yetu.

Kingine, ile stika ya 80 Plus Bronze au Gold. Inapima kiasi cha umeme kinachopotea kama joto. Haisemi kwamba kifaa kitajizima salama umeme ukienda kombo. Kwa mtu wa Dar hilo ni jambo zito. Umeme wetu ni volti 230 kwenye karatasi, lakini kila anayeishi hapa anajua unavyokatika na kurudi kwa kishindo, taa ikififia na kuwaka kama disko. Mtaalamu wa YouTube aliyeko Canada hawezi kukuambia utenge fedha ya stebilaiza au UPS, kwa sababu kwake si tatizo. Wala hatakuambia kwamba kasha la kioo kitupu mbele, bila matundu ya kupitisha hewa, ni jiko la mkaa kwenye chumba cha Mbagala saa nane mchana mwezi Februari.

Nilikwenda kwenye duka moja, jina nalihifadhi, nikaomba kasha lifunguliwe nione ampea za pawasaplai. Jibu: "Bro, ukifungua umenunua." Sasa hebu tafakarini. Ukinunua gari unafungua boneti. Ukinunua shati unaligeuza uone mshono. Kompyuta ya mamilioni tu ndiyo unauziwa kama mbuzi kwenye gunia?

Najua utetezi wa wauzaji, na nautendea haki. Wanasema wateja wenyewe wanataka taa. Ukimwekea pawasaplai nzuri na kasha lisilo na urembo, anakwenda duka la jirani. Ni kweli. Lakini daktari hampi mgonjwa sumu kwa sababu mgonjwa ameiomba. Uza taa, hakuna anayekukataza, ila andika kwenye risiti ni prosesa gani kamili, kadi gani kamili, pawasaplai ya ampea ngapi. Asiyetaka kuandika anajua anachokificha.

Na wateja nao wabadilike. Ukienda kununua, mpangilio uwe huu. Kwanza monita, maana monita ya hezi 60 haiwezi kukuonyesha picha 200 kwa sekunde hata ufunge kadi ya Rais. Pili kadi ya picha inayolingana na monita hiyo. Hapo ruksa kuacha karibu nusu ya fedha. Tatu prosesa ya kuitosha kadi, bila kushindana na majirani. Nne pawasaplai ya kuvibeba vyote na ziada ibaki. RAM iwe vipande viwili, maana kipande kimoja kinabana njia ya data, na chunga sana hapo, kwani tangu bei za RAM zipande kwa kasi mwishoni mwa 2025, kwa viwanda kuelekeza memori kwenye mashine za akili mnemba, kishawishi cha kukupunja ni kikubwa. Taa ziwe za mwisho, kama chenji ipo.

Kadi ikiwa ya mitumba, usiondoke bila kuiendesha pale pale kwenye programu ya bure ya GPU-Z. Tangu 2018 programu hiyo inatambua kadi nyingi za Nvidia za kughushi, zile za kizazi cha zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kwa jina jipya. Na kama muuzaji anakuambia kompyuta ya ofisi itabeba kadi yoyote, mwulize waya wa kulisha kadi uko wapi. Tundu la mazabodi peke yake linatoa wati 75 tu. Hapo utaona anavyobadilisha mazungumzo.

Nimeyasema haya kwa ukali kwa sababu anayeumia si tajiri. Tajiri ikiungua ananunua nyingine. Anayeumia ni kijana aliyedunduliza mwaka mzima afungue chumba cha magemu mtaani, au anayeedit video za harusi mchana na kucheza usiku. Kwake ile mashine ndiyo ofisi. Ikizima, wateja wanahamia kwa jirani, na yule aliyeiuza amekwisha kubadilisha namba ya simu.

Kwa hiyo ukiulizwa dukani "unataka i7 au i9?", mjibu: "Nataka namba kamili, na nataka kuona ampea." Akikasirika, geuka uondoke. Maduka ni mengi.

Naomba kuwasilisha.