Masharti ya Kujiunga na Jumuiya Yatimizwe Kabla ya Saini

Nchi inayotaka kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki hupimwa kwa Ibara ya 3 ya Mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Mwombaji hutakiwa aukubali Mkataba huo, aheshimu demokrasia, utawala wa sheria na haki za binadamu, awe na mchango katika kuimarisha mtangamano, apakane na nchi wanachama na kutegemeana nazo, aendeshe uchumi wa soko, na sera zake ziwiane na za Jumuiya. Masharti hayo ni mazuri. Kilichopungua ni ushupavu wa kuyasimamia, na hasara ya upungufu huo huwaangukia wananchi, wa nchi mpya na wa nchi za zamani.

Safari ya mwombaji huanza kwa barua kwa Mwenyekiti wa Wakuu wa Nchi. Wakuu huliagiza Baraza la Mawaziri litume timu ya wataalamu kuhakiki hali halisi. Ripoti ikikubaliwa, majadiliano hufunguliwa kuhusu forodha, michango ya bajeti, uhuru wa watu kuvuka mipaka na muda wa mpito. Baada ya hapo Wakuu hutoa uamuzi, Mkataba wa Kujiunga husainiwa, na nchi husika huuridhia na kukabidhi hati zake kwa Katibu Mkuu.

Uamuzi huo hupitishwa kwa kauli moja. Nchi moja ikikataa, mlango haufunguki. Kwa hiyo kila mwanachama huja mezani na hoja zake: huyu anatafuta soko la saruji na unga, yule anataka shehena zipite bandarini kwake, mwingine anahofia usalama wa mpaka. Hakuna ubaya wowote katika kupigania maslahi ya taifa. Ubaya huja pale maslahi hayo yanapofunika maswali ambayo Ibara ya 3 inataka yajibiwe.

Jumuiya imewahi kuonyesha kwamba inaweza kusema hapana. Mwaka 2011 ombi la Sudan halikupita, na moja ya sababu ni kwamba baada ya Sudan Kusini kujitawala tarehe 9 Julai mwaka huo, Khartoum haikupakana tena na mwanachama yeyote. Imewahi pia kuonyesha subira. Rwanda na Burundi ziliingia tarehe 1 Julai 2007, lakini zilianza kutekeleza Umoja wa Forodha Julai 2009, baada ya miaka miwili ya kurekebisha sheria na taratibu zao.

Sudan Kusini ilipokelewa kwa namna nyingine. Iliomba mwaka 2011, ikatumbukia vitani Desemba 2013, na ikakubaliwa Machi 2016 huku makubaliano yake ya amani yakiwa machanga. Mkataba wa Kujiunga ulisainiwa Dar es Salaam tarehe 15 Aprili 2016. Haikupita hata miezi mitatu, risasi zikarindima tena Juba. Taabu ya ahadi zisizotimia inaonekana wazi Nimule, kwenye mpaka wa Sudan Kusini na Uganda. Mwaka 2024 malori ya mafuta na ya misaada yalikwama hapo kwa sababu ya tozo mpya zilizowekwa na serikali ya Sudan Kusini. Madereva walilala chini ya matela yao, na chakula kilichongojwa na wenye njaa hakikusogea. Soko la pamoja lisilowapitisha madereva hao bado ni la karatasini.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo ilituma ombi Juni 2019, ikakubaliwa tarehe 29 Machi 2022. Nchi hiyo inapakana na wanachama watano, na watu wake kwa mamilioni huzungumza Kiswahili. Haki yake ya kuwemo haina shaka. Lakini ilipokubaliwa, waasi wa M23 walikuwa wamekwisha kuanza tena vita Kivu Kaskazini, Kinshasa ikiituhumu Kigali kuwasaidia na Kigali ikikanusha. Wanachama wawili wakajikuta ndani ya nyumba moja na ugomvi ambao haukuzungumzwa mlangoni. Jeshi la kanda lililopelekwa Novemba 2022 liliondoka Desemba 2023, baada ya Kinshasa kukataa kuliongezea muda. Januari 2025 mji wa Goma ukaanguka mikononi mwa M23.

Wapo wanaosema kuwa uanachama wenyewe huleta utulivu, na kwamba kuichelewesha nchi dhaifu ni kuitupa. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini inasahau nguvu ya mapatano iko upande gani. Kabla ya saini, mwombaji ana sababu ya kutimiza. Baada ya saini, hubaki adhabu kama ile ya Ibara ya 146, inayoruhusu kumsimamisha mwanachama anayekiuka misingi au asiyelipa michango kwa miezi 18. Tangu Jumuiya ifufuliwe, hakuna nchi iliyosimamishwa. Malimbikizo ya michango yakaongezeka, hadi mwaka 2025 Bunge la Afrika Mashariki likasitisha vikao kwa kukosa fedha.

Somalia iliomba mwaka 2012, ikakubaliwa tarehe 24 Novemba 2023, ikakabidhi hati zake Machi 2024. Mwaka huohuo wa 2023 Kenya ilikuwa imeahirisha kufungua vituo vya mpaka wake na Somalia kutokana na mashambulizi. Serikali ya Mogadishu nayo hutegemea sana mapato ya forodha, ilhali Umoja wa Forodha unataka bidhaa za wanachama ziingie bila ushuru. Mambo hayo mawili yanahitaji ratiba ya kweli, yenye hatua na tarehe. Mwombaji naye ana wajibu: asisaini asichokiweza kwa sababu ya heshima ya siku moja, bali adai muda wa mpito unaolingana na uwezo wake.

Basi nchi nyingine zitakapobisha hodi, mambo matatu yazingatiwe. Kwanza, kila ahadi iandikwe pamoja na tarehe na mtekelezaji wake, kisha ichapishwe kwa Kiswahili ili wafanyabiashara, wakulima na wabunge waifuatilie; mali bila daftari hupotea bila habari. Pili, migogoro kati ya mwombaji na majirani iwekewe njia ya usuluhishi iliyokubaliwa na pande zote kabla ya Wakuu kupiga muhuri. Tatu, haki zitolewe kwa kadiri wajibu unavyotimizwa: viti vya Bunge na zamu ya uenyekiti vifuate ulipaji wa michango na utekelezaji wa forodha. Wakuu wa Nchi wana mamlaka ya kuyaagiza yote hayo, na mabunge ya nchi wanachama yana haki ya kuwauliza kwa nini hayajaagizwa.