Turathi Si Ngoma ya Siku Moja

Kila siku ya utamaduni inapoadhimishwa vyuoni, wanafunzi huvalia ngozi na shanga, ngoma za Chuka hurindima, na hotuba hufungwa kwa methali ile ile: mwacha mila ni mtumwa. Kesho yake mavazi hurejeshwa yalikoazimwa. Je, kijana ajuaye kuicheza ngoma ajua pia turathi yenyewe iko wapi na nani apaswa kuilinda?

Eneo la Meru na Embu halina kisingizio cha umbali. Kati ya 2013 na 2016, vyuo vikuu vya Chuka, Meru na Embu vyote vilipata hati rasmi. Kile cha Meru kiko Nchiru, pale pale yalipo makao ya jadi ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Wameru. Mjini Meru, makumbusho yamo katika jengo la mawe lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya enzi za ukoloni. Upande wa Runyenjes kuna kichaka cha Mwenendega, anayesimuliwa kuwa babu wa Waembu.

Kinachokosekana ni mazoea ya kuuliza na kuandika. Katika miaka ya sabini, mwanahistoria H. S. K. Mwaniki alikusanya masimulizi ya wazee wa Embu na Mbeere akayachapisha. Asingalifanya hivyo, mengi yangalizikwa pamoja na wasimulizi. Mwanafunzi wa leo ana simu inayonasa sauti, lakini aghalabu sauti ya nyanya yake haimo. Kitharaka na Kimbeere vina msamiati mpana wa miti, majira na ufugaji wa nyuki. Neno likisahaulika, maarifa liliyoyabeba nayo hufifia.

Wapo wanaodai kwamba kuhifadhi ni kurudi nyuma. Historia yawakanusha. Mwaka 1956, mbele ya watawala wa kikoloni, Njuri Ncheke ilipiga marufuku ukeketaji. Wasichana wengi wakakaidi, wakakeketana wenyewe. Sheria ya 2011 iliuharamisha nchini kote. Utamaduni, basi, daima umekuwa uwanja wa hoja, wala si sanduku lililofungwa. Asiyeujua hawezi kuchagua lipi lidumishwe na lipi liachwe; wengine watamchagulia.

Katiba ya 2010 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, lakini katiba haitembelei vijiji. Walimu wenzangu, tumtake kila mwanafunzi, wa uhandisi au wa fasihi, anase masimulizi ya mzee mmoja kabla ya kuhitimu. Afanye hivyo kwa idhini, kwani sheria ya 2016 inalinda haki ya jamii juu ya maarifa yake ya jadi. Nakala moja ikae maktabani, nyingine irudi kijijini. Gharama yake ni ndogo mno kuliko ya kukodi mavazi ya tamasha. Tusikawie, kwani wazee wetu hawangoji muhula ufunguliwe.